Kitambaa, soda, kuloweka au spiriti? Njia nne za kusafisha sindano za kipimajoto cha jiko la moshi

Sindano ya kipimajoto iliyokaa usiku kucha ndani ya jiko la moshi, lile linaloivisha nyama polepole kwa moshi, hutoka na uchafu wa aina tatu, na ndiyo maana ushauri wa kuisafisha hugongana. Mmoja atakuambia usiiguse kwa maji, ifute tu kwa kitambaa. Mwingine anaapia soda ya kuokea. Wa tatu huiloweka, wa nne huipitishia spiriti na kuirudisha kabatini. Kila mmoja anasema kweli kuhusu uchafu aliokutana nao yeye. Anakosea pale tu anapodhani sindano ya mwenzake imechafuka kama yake.

Chomoa sindano kwenye nyama uitazame kwa karibu, kuanzia nchani. Sehemu iliyokuwa katikati ya nyama ina utando wa kijivu, laini, unaoteleza ungali na joto. Hiyo ni protini na maji ya nyama. Haikuungua, kwa sababu hata nyama iliyoiva mpaka inachambuka kwa mkono huwa na nyuzijoto 93 hadi 96 tu za Selsiasi ndani yake. Panda juu kidogo, pale sindano ilipopita kwenye gamba la nje la nyama. Hapo utakuta pete ya kahawia, imekaza, inang'aa: mafuta, sukari na viungo vilivyopikwa pamoja mpaka vikashikana na chuma. Ukucha hauitoi. Juu zaidi, kuelekea kwenye waya, chuma kilikuwa nje ya nyama muda wote, kikipigwa na moshi wa nyuzijoto 107 hadi 135. Hapo ni masizi na lami ya moshi, nyeusi, inayonata kidoleni na yenye harufu kali.

Kihisi cha hewa, kile kinachobanwa kwenye wavu ili kupima joto la jiko lenyewe, kina aina hiyo ya tatu tupu, kuanzia ncha hadi mwisho, pamoja na mafuta yaliyorukia hapa na pale.

Utando, pete na lami. Njia nne zinazolinganishwa hapa chini hazina nguvu sawa kwa hizo tatu, na kila moja ina namna yake ya kuiharibu sindano ikifanywa ovyo.

## Kwanza, shingo ya sindano

Sindano nyingi za waya ni bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, lililozibwa nchani. Ndani ya ncha kuna kihisi. Kinaweza kuwa themista, ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Kinaweza pia kuwa themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa, zinazotoa volteji ndogo mno inayobadilika kufuatana na joto. Upande wa pili wa bomba umebanwa juu ya waya, na waya wenyewe umevikwa msuko wa nyuzi za chuma. Hapo palipobanwa ndipo ninapopaita shingo.

Shingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Kwenye sindano nyingi haikuzibwa kiasi cha kuzuia maji. Maji yakigusa msuko hupanda kupitia nyuzi zake kama mafuta ya taa kwenye utambi, kisha huteremka ndani ya bomba na kukaa huko. Hata sindano iliyoandikwa kwamba haidhuriki kwa maji yafaa kuisoma maelezo yake vizuri, kwani mara nyingi maneno hayo yanahusu kumwagikiwa au kusuuzwa, hayahusu kuzamishwa.

Kwenye themista, matokeo ya maji kuingia ni mabaya kuliko sindano kuzimika kabisa. Maji hufungua njia ya pembeni ya umeme, ukinzani unashuka, nacho kifaa kinadhani joto limepanda. Unasoma nyuzijoto 74 kwenye kuku, kiwango ambacho kuku huhesabiwa kuwa salama kuliwa, ilhali ndani bado hajafika. Themokapo yenye unyevu huelekea zaidi kuyumbayumba, namba zikipanda na kushuka bila sababu. Afadhali hiyo, maana angalau unaona kwamba kuna tatizo. Lakini nayo haifai kutegemewa mpaka ikauke.

Kwa hiyo nimeipa shingo uzito mkubwa kuliko usafi wenyewe katika ulinganisho huu. Sindano yenye doa inapima. Sindano yenye maji inadanganya.

## Vigezo

Kila njia nimeiangalia kwa mambo yaleyale: inaondoa uchafu gani kati ya ile mitatu, inaiweka shingo na chuma katika hatari gani, inamlinda vipi atakayekula, inachukua muda na kazi kiasi gani, na mwisho inamfaa nani. Gharama nimeiacha nje, kwa kuwa vitu vyote vinavyotumika ni vya kawaida na hutumika kidogo kidogo.

## Njia ya 1: Kufuta palepale kwa kitambaa cha maji ya moto na sabuni

Inaondoa nini. Utando wa kijivu wote, na sehemu kubwa ya pete ya kahawia, kwa sharti moja: iwe mapema. Mara tu sindano ikishapoa kiasi cha kushikika, ifute. Mafuta bado ni laini na protini haijakauka. Ukiacha mpaka kesho, kitambaa hichohicho kitapita juu ya pete bila kuifanya kitu. Lami ya moshi hupungua tu, haiishi.

Hatari kwa sindano. Ndogo kuliko njia zote, mradi kitambaa kimekamuliwa vizuri. Kitambaa kinachochuruzika kikishikwa juu ya shingo ni sawa na kuimwagia maji. Shika sindano ncha ikiangalia chini, vuta kitambaa kutoka karibu na shingo kwenda nchani, kisha geuza upande safi na ufute ncha peke yake, ili lami ya juu usije ukaishusha kwenye sehemu inayoingia ndani ya nyama. Waya nao ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu.

Usalama wa mlaji. Sabuni ya maji ya vyombo hukiachisha chuma mafuta, nayo mafuta huondoka na vijidudu vingi vilivyoshikamana nayo. Haiviui vyote. Kwa sindano itakayokaa kabatini mpaka upishi ujao yatosha, ukimaliza kwa kitambaa kingine cha maji safi ili sabuni isibaki.

Muda na kazi. Dakika moja au mbili. Kinachotakiwa hasa ni nidhamu ya kufanya kazi hiyo wakati nyama inapumzika na watu wameshaanza kuuliza lini watakula.

Inamfaa nani. Anayewasha jiko mara kwa mara na asiyependa kazi kubwa ya kusugua baadaye. Pia mwenye jiko la chembe za mbao (vipande vidogo vya mbao iliyoshindiliwa, vinavyochomwa badala ya kuni) lenye kihisi kilichofungwa ukutani ndani ya chumba cha moshi. Kihisi hicho hakitolewi kikalowekwa, kwa hiyo kitambaa ndiyo njia yake ya kila siku. Zima jiko, chomoa umeme, subiri lipoe kabisa, ndipo ufute.

## Njia ya 2: Ubandiko wa soda ya kuokea

Changanya soda na maji kidogo, kama vijiko vitatu kwa kimoja, mpaka upate uji mzito usiotiririka. Paka kwenye shina la chuma, acha dakika 15 hadi 30, kisha sugua kwa brashi laini ya meno au sponji isiyokwaruza. Futa kwa kitambaa chenye unyevu mara mbili tatu mpaka weupe uishe.

Inaondoa nini. Hapa ndipo pete ya kahawia inapokutana na kiboko yake. Soda ni alkali dhaifu, hulegeza mafuta yaliyokauka, na chembe zake ni laini kuliko chuma, kwa hiyo zinasugua bila kuacha mikwaruzo mirefu. Lami nayo hutoka kwa kiasi kizuri, hasa ukirudia mara ya pili. Kwa utando wa kijivu peke yake, soda ni nguvu ya bure.

Wengi humwaga siki juu ya soda wakifurahia povu. Povu hilo ni asidi na alkali zikiuana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi ya asetati, ambayo hayana nguvu ya soda wala ya siki. Siki peke yake ina kazi yake, nayo ni kuondoa madoa meupe ya maji yenye chokaa. Mafuta haiyawezi. Ukitaka zote mbili, tumia moja, futa, kausha kabisa, ndipo utumie nyingine siku hiyo au nyingine.

Hatari kwa sindano. Ya wastani, na inatokana na mikono kuliko soda. Mtu akisugua kwa nguvu hushika waya ili apate mhimili, waya unakunjwa hapohapo shingoni, nyuzi za ndani zinakatika. Shika chuma, si waya. Acha upana wa kidole kimoja chini ya shingo bila kupaka. Soda ikijipenyeza kwenye msuko huganda humo na hutoki nayo tena kwa urahisi.

Usalama wa mlaji. Mzuri. Mabaki machache ya soda ya kuokea hayamdhuru mtu, ingawa yakibaki mengi huacha ladha ya chumvichumvi. Haiui vijidudu kwa namna ya kutegemewa.

Muda na kazi. Nusu saa, nyingi yake ya kungoja.

Inamfaa nani. Anayesafisha baada ya mapishi kadhaa, mwenye pete iliyokwisha kukaza, na mwenye kihisi cha hewa kilichovaa koti jeusi.

Kuhusu koti hilo jeusi nina msimamo. Rangi ya kahawia au weusi mwembamba usiotoka kidoleni hauna dhara, na kuufukuza mpaka chuma king'ae kama kipya ni kuichosha sindano bure. Tabaka nene ni jambo lingine. Lami na masizi hupitisha joto vibaya kuliko chuma, kwa hiyo kihisi huchelewa kujua kwamba jiko limepoa au limepanda. Kama jiko lako linajiendesha, kwa feni au kwa kulisha chembe za mbao lenyewe, kuchelewa huko kunageuka kuyumba kwa joto: linaongeza moto wakati tayari umetosha, kisha linapunguza wakati limeshapitiliza. Watu hulaumu kuni, hulaumu upepo, hubadilisha feni, kumbe ni kihisi kilichovikwa uchafu. Na masizi makavu yanayobanduka magamba hayapaswi kuwa kwenye kitu kinachochomekwa ndani ya chakula. Kipimo changu ni kidole: pitisha kidole kikavu kwenye chuma kilichopoa; kikitoka cheusi au kinanata, safisha. Kikitoka kisafi, acha.

## Njia ya 3: Kuloweka shina

Hapa naongelea poda ya oksijeni ya kuondolea madoa, ambayo kiini chake ni sodiamu pakaboneti, iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto ya kama nyuzijoto 60. Ikiingia majini hutoa peroksaidi ya hidrojeni na kaboneti ya sodiamu, moja ikishambulia rangi na harufu, nyingine mafuta. Chagua isiyo na manukato. Vaa glavu, na usiifungie kwenye chupa yenye kifuniko, maana inatoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Inaondoa nini. Vyote vitatu, hata vilivyokaa miezi. Utaona maji yakigeuka rangi ya chai bila wewe kusugua, na pete ya kahawia ikibanduka vipandevipande.

Hatari kwa sindano. Hapa ndipo penye bei yake. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoacha kimiminika kingi karibu na shingo kwa muda mrefu, bila mtu kuangalia. Tumia glasi ndefu na nyembamba. Jaza maji mpaka vidole viwili chini ya shingo, si zaidi, hata kama uchafu umefika juu ya hapo. Huo wa juu umalize kwa soda. Funga waya kwenye kitu kilicho juu ya glasi, mpini wa kabati au kijiti kilicholazwa mdomoni mwa glasi, ili sindano isiteleze ikazama. Usiiache usiku kucha. Nusu saa hadi saa mbili hutosha, na baada ya hapo unazidisha hatari bila kupata usafi zaidi. Kama kibanio cha sindano ni cha alumini kitoe kwanza, kwa kuwa kaboneti huifubaza alumini.

Sindano iliyopinda karibu na shingo ni ngumu kuloweka salama. Vihisi vifupi vya hewa, vile ambavyo chuma chake hakifiki hata urefu wa kidole, visiloweke kabisa. Hakuna nafasi ya kukosea.

Usalama wa mlaji. Mzuri sana baada ya kusuuza, lakini kusuuza kwenyewe ni lazima kuwe kwa uangalifu: ncha chini, maji yakitiririka kutoka katikati ya shina kwenda nchani, mara kadhaa. Shina likiteleza kidoleni, poda bado ipo.

Muda na kazi. Kazi ndogo, muda mrefu, na maandalizi ambayo huwezi kuyaruka.

Inamfaa nani. Aliyerithi au kununua vifaa vilivyotumika, aliyeacha sindano msimu mzima bila kuzigusa, na mwenye sindano ndefu zilizonyooka. Anayetumia sindano zisizo na waya asome maelezo ya mtengenezaji. Nyingine zimezibwa na huruhusiwa kuoshwa kwa maji, nyingine hapana, na kwa kuitazama tu huwezi kuzitofautisha.

## Njia ya 4: Spiriti

Alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, kwenye kitambaa au kipande cha pamba. Soma lebo kabla ya kununua: baadhi ya spiriti za kuchulia mwili huongezwa mafuta na manukato, na hizo hazistahili kugusa kitu kinachoingia kwenye chakula.

Inaondoa nini. Kidogo. Pete ya kahawia haiigusi. Lami nyembamba huilegeza na harufu ya mafuta huipunguza. Anayetegemea spiriti peke yake ataona sindano inazidi kuwa nyeusi kila mwezi.

Hatari kwa sindano. Ndogo, kwa sababu hukauka haraka kabla ya kupanda msukoni, mradi umelowesha kitambaa na hukuimimina. Hatari kubwa iko kwako. Spiriti hushika moto kwa urahisi, na mvuke wake pia. Fanya kazi hiyo mbali na jiko lililowaka, na sindano iwe imekauka kabisa kabla ya kurudi penye moto.

Usalama wa mlaji. Hapa inazishinda zote, kwa sharti kwamba chuma kimeshasafishwa. Juu ya tabaka la mafuta spiriti haivifikii vijidudu vilivyo chini. Asilimia 70 hufanya kazi vizuri kuliko alkoholi kali zaidi, kwani maji yaliyomo huisaidia kupenya na kuichelewesha isiruke kabla ya kuua. Fikiria sindano iliyochomekwa kwenye kuku mbichi, ikachomolewa dakika chache baadaye ili ihamishiwe kwenye kipande cha ng'ombe ambacho hutakiivisha kiasi hicho. Hapo futa kwa sabuni kwanza, kisha spiriti. Asiyetaka spiriti jikoni mwake anaweza kutumbukiza ncha peke yake kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja baada ya kuifuta.

Muda na kazi. Sekunde chache.

Inamfaa nani. Anayepika vipande vingi kwa wakati mmoja na kuhamisha sindano, na anayepikia watu wengi. Ina kazi nyingine ambayo hakuna njia nyingine inayoiweza, nayo ni kusafisha plagi, ile ya mwisho wa waya inayochomekwa kwenye kifaa. Themokapo ya aina ya K hutoa kama mikrovolti 41 tu kwa kila nyuzijoto moja. Ishara ndogo hivyo haivumilii mguso mbovu. Plagi yenye mafuta hufanya namba ziruke au kifaa kiseme hakuna sindano. Kwa plagi, na kwa vile vituo vya kuchajia vilivyo kwenye sindano zisizo na waya, alkoholi ya asilimia 90 na zaidi ni bora, kwa kuwa ina maji machache. Skrini ya kifaa usiipake spiriti. Baadhi ya plastiki hupata ukungu.

## Nilizoziacha nje

Mashine ya kuoshea vyombo inapuliza maji kila upande, kwa hiyo shingo haina pa kukimbilia. Dawa za klorini huchimba vishimo kwenye chuma kisichoshika kutu. Waya wa kusugulia masufuria huacha chembe za chuma cha kawaida juu ya sindano, na chembe hizo ndizo hushika kutu, mtu akadhani sindano yake ni bandia. Dawa kali za oveni zenye kostiki huunguza ngozi na kula alumini, na uchafu wa sindano haujafikia kuhitaji silaha hiyo. Kuichoma sindano juu ya makaa mpaka uchafu ugeuke majivu kunaharibu kinga ya waya: ile ya plastiki ya PTFE, inayotumika sana, mwisho wake wa matumizi ni karibu nyuzijoto 260, na makaa yanapita hapo mbali.

## Kukausha, kupima, kuhifadhi

Hii inahusu njia zote nne. Baada ya kusafisha, tundika sindano ncha ikiangalia chini mpaka ikauke, ili maji yaliyobaki yatoke shingoni badala ya kuingia.

Kisha ipime. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi yajaze mapengo tu, koroga, subiri dakika mbili tatu. Weka ncha katikati ya barafu bila kugusa chini wala pembeni, shingo ikiwa juu na kavu. Isome 0, au karibu yake kwa kiwango ambacho mtengenezaji ametaja. Ukitaka kipimo cha juu, tumia maji yanayochemka kwa nguvu: nyuzijoto 100 ukiwa usawa wa bahari, na pungufu ya kama nyuzijoto 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Wa mita 1500 ategemee takriban 95. Hapo angalia mvuke usipige shingo.

Sindano ikisoma juu sana kwenye barafu baada ya kusafishwa, shuku maji kabla ya kuitupa. Irudishe kwenye jiko au oveni la nyuzijoto 110 hadi 120, waya ukipita pale unapopita siku zote na plagi ikibaki nje, uiache saa moja au zaidi, ipoe, uipime tena. Nyingi hurudi. Isiporudi baada ya mara mbili, usiiamini tena kwa kuku.

Waya uzungushe duara pana, usiukunje wala kuuvingirisha kwa kubana juu ya kifaa. Na usiubane kwa mfuniko wa jiko ikiwa jiko lina tundu maalumu la kupitishia waya.

## Uchague ipi

Ukiwasha jiko kila wiki kwa nyama moja au mbili, kitambaa cha moto palepale, na soda pale kidole kinapotoka cheusi. Huenda usihitaji kuloweka kamwe.

Ukiwasha mara chache kwa mwaka, na kila mara unakuta sindano ikiwa na uchafu wa mara iliyopita, anza na soda. Loweka ikiwa tu soda imeshindwa na sindano ni ndefu na imenyooka.

Ukiwa na vifaa vya mtu mwingine usivyojua historia yake, vipime kwanza kwenye barafu kabla ya kuvisafisha. Sindano inayodanganya tangu mwanzo huna haja ya kuihangaikia. Zinazopima sawa ziloweke kwa uangalifu, zifute kwa spiriti, uzipime tena.

Ukipikia watu wengi, au una wazee, watoto wadogo au mjamzito mezani, sabuni na spiriti kila sindano inapohama kutoka nyama mbichi, bila kujali rangi yake. Weusi wa shina kwako ni jambo la baadaye.

Ukiwa na jiko linalojiendesha na joto limeanza kuyumba, shughulikia kihisi cha hewa kabla ya kugusa kitu kingine chochote: umeme uchomolewe, soda kwenye kitambaa, futa, kausha, washa uone.

Ukiwa na sindano zisizo na waya ambazo siku hizi hazishiki chaji, spiriti kwenye vituo vya kuchajia, upande wa sindano na upande wa sanduku lake. Tabaka jembamba la lami lisiloonekana vizuri kwa macho linatosha kuzuia chaji.

Na ukiwa na sindano za themista za bei ya chini ambazo shingo zake unazitilia shaka, baki kwenye kitambaa na soda. Ni heri zibaki na pete hafifu ya kahawia kuliko kusoma 74 kwenye kuku aliye na 66.